Namna ya kumpokea aliyetoka vitani: maneno ya seremala wa Mafinga

Mimi ni seremala hapa Mafinga, wilaya ya Mufindi. Natengeneza milango, fremu, vitanda, na inapobidi majeneza. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 19, mgambo wa kijiji, nikachukuliwa kwenda vita vya Kagera pamoja na vijana wenzangu wa huku. Tulipanda lori, tukapanda treni, tukapanda meli, na safari iliyobaki ikawa ya miguu mpaka ndani ya Uganda. Nilirudi mwishoni mwa 1979. Karibu miaka 40 baadaye, mwanzoni mwa 2018, akarudi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, askari wa JWTZ aliyekuwa Beni, mashariki mwa Kongo, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Mimi nilipokewa kwa mapenzi makubwa na kwa makosa makubwa. Yeye tulijitahidi kumpokea vizuri, tukakosea hapa na pale, tukajisahihisha. Ninayoyaandika yanahusu sisi wa mtaani: ndugu, majirani, kanisa, msikiti, kijiwe. Serikali ina wajibu wake na nitaugusa, lakini serikali haipo saa nane usiku mtu anapoamka akipiga kelele. Anayesikia ni jirani wa ukuta wa pili.

Siku ya kufika

Punguzeni watu. Najua ni vigumu, maana kwetu mtu akirudi salama kila mmoja anataka kumwona kwa macho yake. Lakini nilipofika mimi kijiji kizima kilikuwa uwanjani, ngoma na vigelegele, na mzee mmoja kwa furaha yake akafyatua gobore hewani. Nilijikuta kifudifudi kwenye shimo la takataka nyuma ya jiko la mama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka. Hadithi hiyo bado inasimuliwa misibani, na aliyeisimulia mara ya mwisho hakuwa hata amezaliwa mwaka huo.

Kwa mpwa wangu tulikubaliana hivi: siku ya kwanza ni mama yake, mke wake, watoto, na mimi. Chakula cha kawaida. Majirani wakaanza kuja siku ya tatu, wawili wawili, wakati wa chai. Sherehe ya ukoo tuliifanya baada ya mwezi, baada ya kumuuliza yeye mwenyewe, na alichagua iwe mchana. Fataki hakuna. Vijana wa bodaboda tuliwaomba wasilipue eksozi kwenye ile kona yetu, wakatuelewa upesi kuliko wazee. Watoto wa mtaa wenye tabia ya kupasua mifuko ya juisi nao waliambiwa. Kama ukoo wenu una wabishi, mpeni mtu mmoja mwenye sauti kazi ya kusimama getini. Kwetu alikuwa dada yangu, na sijui nani angethubutu kumpita.

Usiku una masharti yake. Aliyelala usimguse. Washa taa kwanza, simama mlangoni upande wa miguuni, mwite jina kwa sauti ya kawaida, subiri. Wiki ya kwanza mke wa mpwa wangu alimshika bega ili amgeuze, akapata kiwiko cha shavu. Yule mtu hakuwa ameamka, alikuwa bado Beni. Baada ya hapo walitenganisha vitanda kwa muda, nikawaongezea kimoja cha futi tatu na nusu, na hakuna aliyeona aibu. Niseme na hili lisichanganywe: mwanamume akimpiga mkewe mchana, macho makavu, hiyo si vita. Hilo ni kosa kama la mwanamume mwingine yeyote, lipelekwe kwenye dawati la jinsia polisi, na mtaa usilifunike kwa jina la Kongo.

Maswali

“Umeua wangapi?” Swali hili niliulizwa na watoto, nikaulizwa na watu wazima, na mwaka 1980 nikaulizwa na mtu aliyekuwa ananibariki. Msiulize. Hata kwa utani, hata baada ya miaka. Akitaka kusema atasema, na pengine atamwambia mtu ambaye ninyi hamkumtarajia.

Badala yake uliza alikuwa na nani. Mlikuwa mnalala wangapi kwenye hema? Nani alikuwa mpishi mbaya? Nani alikuwa anawachekesha? Mpwa wangu alikaa kimya wiki mbili, ila nilipomuuliza Wamalawi wanapikaje ugali wao, alizungumza mpaka chai ikapoa. Ile brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, iliyoundwa mwaka 2013, ilikuwa na Watanzania, Wamalawi na watu wa Afrika Kusini, na kila kundi lina lake la kusemwa jikoni. Kutoka ugali akafika kwenye jambo lenyewe, bila mimi kumvuta.

Jambo lenyewe lilikuwa lugha. Beni watu wanazungumza Kiswahili. Chao kina ladha yake, watu wanakuwa “batu”, na mwanzoni vijana wetu walikuwa wakikiiga na kucheka. Lakini mlinda amani aliyetoka mbali, asiyejua Kiswahili, anasikia mama analia tu. Mpwa wangu alisikia na maneno. Alijua yule mama anamwita mtoto gani, anamlaani nani, anamwuliza Mungu nini, na kwamba kuna siku alikuwa anawauliza wao, wenye helmeti za buluu, mlikuwa wapi. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwongezea chai.

Halafu kuna neno “shujaa”. Litumieni kwa kiasi, na msiwe wa kwanza kulitumia. Nitaeleza kwa nini. Machi 10, 1979, pale Lukaya, penye kinamasi kwenye barabara ya kwenda Kampala, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walituvurumishia roketi za Katyusha. Brigedi yetu, ya 201, ilikuwa karibu yote mgambo, na wengi wetu vita tulikuwa tunaviona kwa mara ya kwanza. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vyetu. Hata hivyo tulikimbia. Mimi nilikimbia. Kesho yake Brigedi ya 208 ilizunguka ikawatokea Walibya upande wa pili, nasi tukarudi mbele, Lukaya ikawa yetu, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Nyumbani nilipokewa kama mtu wa Kampala, na kila mtu alikuwa anaikumbuka ile hotuba ya Mwalimu ya sababu, nia na uwezo. Kila nilipoitwa shujaa mimi niliuona ule usiku wa tarehe 10 na viatu vya mwenzangu aliyekuwa anakimbia mbele yangu. Miaka 20 sikumwambia mtu. Kama mtu mmoja tu angeniuliza “mlikuwa na nani?” ningeanza na viatu vile.

Kwa hiyo ukimwona aliyerudi anakunja uso unapomsifu, usidhani ni maringo au unyenyekevu. Huenda kuna siku yake moja ambayo wewe huijui. Mwambie “karibu nyumbani”, inatosha.

Kazi ya mikono, na kazi moja ya kumnyima

Mpwa wangu alikuja kwa likizo, akarudi kikosini, na mwaka uliofuata mkataba wake ukaisha akaja moja kwa moja. Hapo ndipo watu wema walianza kumletea kazi, na kila mmoja alikuwa na kazi ileile: ulinzi. Askari aliyestaafu kwetu anaonekana ni mlinzi wa usiku aliyezaliwa tayari. Duka la vifaa, shule, shamba la miti, ghala la mbao, wote walimtaka. Hebu fikirini. Mtu aliyekaa mwaka mzima akisikiliza kila kijiti kinachovunjika gizani, tunampa rungu na tochi, tunamwambia aendelee kusikiliza kijiti kinachovunjika gizani, peke yake, mpaka alfajiri, kisha ajaribu kulala mchana watoto wanapocheza. Wapo wanaoimudu na wanailisha familia, siwadharau. Ila mwaka wa kwanza, kama una njia nyingine yoyote, mpe ya mchana na yenye mwenzake.

Mimi nilimpa karakana. Nilianza vibaya: nilimpa mlango wa paneli sita. Siku ya tatu akauacha, akaenda kukaa barabarani. Mlango ni kazi ndefu, una mahali pengi pa kukosea, na kichwa chake wakati ule kilikuwa hakibebi kitu kinachokwenda zaidi ya jioni. Nikambadilishia vigoda. Kigoda cha miguu mitatu unakianza asubuhi, jioni unakikalia. Alitengeneza vigoda 31 kabla hajaomba mwenyewe kurudi kwenye mlango. Vingine bado ninavyo, soko la vigoda Mafinga lina mwisho wake.

Kama wewe si seremala, tafuta kigoda chako. Kupanda mche wa parachichi, kuziba ufa, kufyatua tofali 50, kurekebisha baiskeli. Kitu chenye mwanzo na mwisho kabla jua halijazama, kinachoshikika, na ambacho kesho yake mtu mwingine atakitumia.

Karakana ina kelele, na hilo nalo lina utaratibu. Kabla sijawasha mashine ya randa nasema “nawasha!” Kabla ya nyundo nasema “napiga!” Mbao ya paini, hizi zetu za Sao Hill, ukiiangusha bapa kwenye sakafu ya saruji inatoa mlio ambao sitaki kuufananisha na kitu. Tunazilaza kwa mikono miwili. Wateja wanatuona wa ajabu. Benchi lake nililigeuza likatazama mlango, mgongo ukaegemea ukuta. Hilo hakuliomba, nilimwona tu jinsi alivyokuwa anageuka kila dakika.

Fedha na ulanzi

Mtaa mzima unaamini aliyetoka misheni ya Umoja wa Mataifa amerudi na sanduku la dola. Ndani ya wiki mbili mpwa wangu aliombwa ada ya shule za watoto wanne wasio wake, mabati, mtaji wa kuku, na mchango wa harusi ya mtu ambaye hakuwa amempata hata mchumba. Kijana wa namna hii hana nguvu ya kukataa. Wengine wanatoa kila kitu kwa sababu ndani wanahisi hawakustahili kurudi na pesa ilhali wenzao hawakurudi kabisa. Chagueni ndugu mmoja mgumu wa kusema hapana kwa niaba yake kwa miezi sita. Asinunue kiwanja, gari wala shamba katika miezi hiyo. Ardhi ya Mufindi haitahama, ingawa madalali watakwambia inahama kesho.

Ulanzi je? Hapa kwetu mvua zikianza mianzi inagemwa, na huwezi kumwambia Mhehe asiende kilabuni, utakuwa unamtukana. Sisi hatukumkataza. Tulimwekea mtu wa kwenda naye, wa rika lake, na sheria tatu: ale kwanza, wanywe ulanzi mtamu wa siku hiyo na si uliochacha, warudi kabla ya giza. Dalili ya kuogopa ni akianza kunywa ili alale, na hasa akianza kunywa peke yake nyumbani. Hapo acha mambo ya kilabu, nenda hospitali.

Hospitali

Ndoto mbaya wiki za mwanzo ni za kawaida. Zikipita mwezi hazipungui, akiwa anakwepa watu, anashtuka kwa kila mlio, hali chakula, hapati usingizi, hasira zinamzidi, hicho ni kiwewe na kina matibabu. Hakuna haja ya kuhangaika na jina gumu. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, jeshi lina hospitali yake ya Lugalo, Dar es Salaam, na Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya wagonjwa kama wagonjwa wengine, haijalishi tumeigeuza kuwa tusi la kutaniana. Mpelekeni na maombi yaendelee, sikatai, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Mtakayemwendea mwingine, mchungaji, shehe au mganga, akiwaambia mwache dawa, muagane naye siku hiyohiyo.

La hatari zaidi ni hili. Akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake, akiaga watu bila safari, muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Kumuuliza hakumpi wazo. Kunampa mlango. Usimwache peke yake, toeni ndani ya nyumba dawa za mahindi, sumu ya panya, kamba na silaha yoyote, na mwende hospitali siku hiyo, si Jumatatu. Dawa za shambani ndizo nazisisitiza kwa sababu kwetu zinakaa uvunguni mwa kitanda, na tumeshazika.

Karatasi

Sehemu hii fupi ndiyo iliyonigharimu mimi. Akiwa bado na kumbukumbu safi, kaeni naye mezani muandike: namba yake ya jeshi, vikosi, tarehe za kwenda na kurudi, alipoumia, alitibiwa wapi, nani aliona. Toeni nakala ya cheti cha kumaliza utumishi, vyeti vya hospitali, cheti cha medali. Nakala moja kwake, moja kwa mama yake, moja kwa mtu wa mbali na nyumba. Karatasi zangu za 1979 ziliozeshwa na paa lililovuja. Nilipokwenda kuuliza habari za goti langu, ofisi niliyofika iliniambia nilete uthibitisho kwamba niliwahi kuwa vitani. Nikavua kiatu nikaonyesha mguu. Yule kijana hakuwa mbaya, ila goti halina mhuri. Kuna Muungano wa Wanajeshi Wastaafu, MUWAWATA, ajiunge mapema, maana madai ya mtu mmoja hukaa chini ya faili na ya wengi hukaa juu. Majirani mnaojua kusoma na kuandika vizuri, msaada mkubwa mnaoweza kutoa ni jioni mbili za kumjazia mtu fomu.

Mke, na wasiorudi

Mke wa mpwa wangu kwa mwaka mzima alilipa ada, akaamua mbegu, akamfukuza kibarua mwizi, akajenga choo. Mume anarudi, ukoo unamwambia mwanamke “sasa rudi nyuma, mwenye nyumba amefika”. Msifanye hivyo. Aachiwe uongozi, na mume apokee jambo mojamoja. Mpwa wangu alianza na kumpeleka mtoto shule. Yule mdogo alikuwa hamjui, akamwita “mjomba” kwa mwezi mzima, na tulimwomba mpwa wangu asimlazimishe kumwita baba. Mtoto alijirekebisha mwenyewe.

Na ukienda kumpokea aliyerudi, siku hiyohiyo pita na kwa asiyerudi. Julai 25, Siku ya Mashujaa, wakubwa huweka mkuki, ngao na maua kwenye mnara, jambo jema. Kule Kaboya, Muleba, wamelala mamia ya wenzetu wa Kagera, na makaburi yanatunzwa. Lakini mjane wa hapa mtaani makaburi yale hajawahi kuyaona, nauli ni ndefu. Sisi watatu tuliobaki tunampelekea gunia la mkaa kila Julai, maana ndiyo baridi ya Mufindi, na tunakaa naye tukisimulia upuuzi wa mumewe kambini. Anaujua wote. Tukiruka kipande, anatukumbusha.

Msiache mwaka wa kwanza ukiisha. Mwaka wa kwanza kila mtu yupo. Ulizeni tarehe yake ni ipi, ile moja, muiandike. Ya mpwa wangu ni Desemba 7. Siku hiyo mwaka 2017 waasi wa ADF walivamia kambi ya Semuliki, askari wetu 15 wakafa, naye alikuwa kambi nyingine ya hukohuko Beni akisikiliza redio. Wawili alikuwa amekula nao wiki moja kabla. Kwenye kalenda ya karakana nimeizungushia duara kwa penseli ya seremala. Siku hiyo sipokei oda ya jeneza, mashine haiwashwi, na kama akija tunachonga vigoda.